Besi ya Obokano Hupotelea Wapi

Oktoba, bonasi ya majani chai ikiingia, nyumba nyingi za Masimba, eneo la Abagusii, hufanya kikao cha fedha. Karo, mabati, deni la dukani. Kisha mwanamuziki wa jioni, ambaye mchana hufundisha au huchuma chai ya kiwanda cha Kiamokama, hukohoa na kusema anataka vyombo vipya vya sauti. Mama watoto atauliza: vya zamani vimekufa? Havijafa. Hapo hoja inahitaji hesabu, na hesabu ipo.

Ala yenyewe ni obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii: nyuzi nane, bakuli lililowambwa ngozi, sauti nzito yenye mkwaruzo. Besi ndiyo roho yake. Mwanamuziki Grandmaster Masese ameifikisha kwenye majukwaa ya Nairobi, lakini katika harusi ya kijijini, ikishachomekwa kwenye miksa, mara nyingi hutoka nyembamba kama redio ya mfukoni. Mkwaruzo upo, besi haipo.

Wengi hukimbilia spika kubwa zaidi. Mimi napinga. Spika hukuza kilichoingia, na hapa besi imepotea kabla haijafika huko.

Wapigaji wengi hubandika kwenye ngozi kidude bapa cha piezo kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kile cha bei ya chini kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, kisha waya unaenda moja kwa moja kwenye miksa. Piezo hutoa umeme wa kutosha ila ni dhaifu wa kusukuma: ikikutana na mlango wenye ukinzani mdogo, masafa ya chini ndiyo ya kwanza kumezwa. Tuseme kidude kina nanofaradi 20 na mlango wa miksa una kilo-omu 10. Zidisha 6.28 kwa ukinzani (kwa omu) na kwa nanofaradi hizo (kwa faradi), kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Unapata takriban hezi 800. Chini ya hapo sauti hushuka desibeli 6 kwa kila oktavu, kwa hiyo kwenye hezi 100, oktavu tatu chini, umepungukiwa desibeli 18: volti zilizobaki ni kama moja ya nane. Kuchomeka kwenye mlango wa maikrofoni ni kubaya zaidi, kwani ukinzani wake kwa kawaida ni kilo-omu chache tu. Kupandisha kitufe cha besi hakusaidii sana. Unapandisha pia mvumo wa stima na vishindo vya jukwaa.

Dawa ni kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya ala na miksa, chenye mlango wa mega-omu 1. Rudia hesabu ileile: kikomo kinashuka hadi hezi 8, chini ya kile sikio linachoweza kusikia. Obokano yote inapita. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya spika mbili za maana, na hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwenye kikao.

Kwani maikrofoni ya kawaida haifai? Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo nakala zake bandia zimejaa kila mahali, hushika kuanzia hezi 50, kwa hiyo besi ingeipata. Taabu yake ni ngozi. Ngozi ya obokano hupokea sauti ya spika na kuirudisha kwenye maikrofoni, na ghafla harusi nzima inaziba masikio. Ndani ya chumba kilichotulia, kwa kurekodi tu, ningechukua maikrofoni bila kusita. Kwenye hema, la. Na mvua ikianza kupiga mabati ya ukumbi, maikrofoni itashika mvua.

Piezo nayo haijapona kabisa ugonjwa huo wa kurudisha sauti ya spika, kwa sababu imekaa juu ya ngozi ileile. Ibandikwe karibu na ukingo wa bakuli. Katikati huvuma mno. Spika zikae mbele ya mpigaji, zikimpa mgongo.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo kwenye kiboksi. Kile kisichotumia umeme wowote, chenye transfoma tu, mara nyingi kina ukinzani mdogo kuliko piezo inavyohitaji. Tafuta cha umeme, na hasa kinachokubali betri ya volti 9 pamoja na volti 48 ambazo miksa hupeleka kupitia waya wa maikrofoni, kwani baadhi ya miksa ndogo hazitoi hizo 48.