Rangi Hupulizwa Alfajiri

Kutoka ukingo wa lami ya Barabara ya Singida hadi kivuli cha gereji moja ya Kizota, Dodoma, hazizidi hatua 20. Nissan GT-R nyeupe ilizimaliza kwa zaidi ya robo saa. Vijana wawili walitandika mbao juu ya mtaro, wa tatu akalala kifudifudi vumbini, akichungulia uvungu na kupaza sauti: "Njoo, njoo, simama! Rudi kidogo." Gari linaloweza kupita kilomita 300 kwa saa lilivuka mtaro kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani anavyovuka korongo.

Mwenye gari alishuka jasho likimtoka. Alikuwa amegonga tuta usiku, upande wa Kibaigwa, tuta ambalo rangi yake ilishafutika zamani. Bampa la mbele lilipasuka kuanzia pembe ya chini kushoto, ufa ukapanda hadi karibu na taa. "Mbukwenyi, mzee," alisalimia kwa Kigogo cha kujifunzia. Fundi aliitikia, akatabasamu, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Nilikwenda pale kwa shida za bushi za gari langu. Nilirudi siku nne mfululizo kwa ajili ya bampa la mtu mwingine.

Mzee yule hakugusa kitu mwanzoni. Alichuchumaa mbele ya gari, akahamia kulia, akahamia kushoto, akafumba jicho moja akilinganisha mstari wa boneti na mstari wa bampa, kama seremala anavyochungulia ubao. Vijana walikuwa wameshashika spana. Akawaacha wasubiri. Alipomaliza kutazama aliomba jeki, na jeki haikuingia. Uvungu wa gari lile hauna zaidi ya sentimita 11 kutoka ardhini, na jeki ya gereji ile imezoea Hilux. Ikabidi gari lisogezwe magurudumu ya mbele yapande juu ya mbao mbili, ndipo jeki ikapata pa kupita.

Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, alichukua boksi tupu la maziwa ya pakiti, akalichana, akachora juu yake umbo la bampa kwa kalamu ya mkaa. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye boksi mahali palepale ilipotoka kwenye gari: za juu juu, za pembeni pembeni, za chini ya tao la tairi kwenye safu yake. Klipu za plastiki alizing'oa kwa bisibisi bapa aliyoifunga kitambaa, akiinua kichwa cha kila klipu kidogo kidogo mpaka iachie yenyewe. Mbili zilikuwa zimekufa tangu kule Kibaigwa. Ya tatu haikufa mkononi mwake.

Boneti ilipofunguliwa, kazi ilisimama yenyewe. Juu ya injini kuna kibao kidogo chenye jina la mtu. Mwenye gari alieleza: injini ya GT-R hii, V6 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, ilifungwa na fundi mmoja kwa mikono yake huko Yokohama, ndani ya chumba kilichozuiwa vumbi, na fundi alipomaliza akatia jina lake. Magari haya yalitengenezwa kuanzia 2007 hadi Agosti 2025, kama 48,000 hivi, na mafundi waliopewa heshima hiyo kwa miaka yote walikuwa 9 tu.

"Peke yake?" aliuliza mzee.

"Peke yake, mzee."

Alichomoa kitambaa mfukoni, akakifuta kile kibao, akakifuta tena, akarudi kwenye bampa.

Nisijifanye sivutiwi na gari lile. Lilipowashwa vijana wa bodaboda ng'ambo ya barabara waligeuka wote kwa pamoja, na mimi niligeuka nao. Turbo zake mbili zinalisukumia hewa, kwa hiyo hata huku uwanda wa juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, halihemi kama injini nyingine zinavyohema. Tatizo ni pa kwenda nalo. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita kama 450. Kwa hesabu ya daftari, gari hili lingezimaliza kwa saa moja na nusu. Lakini kuna Gairo, kuna Kibaigwa, kuna Mbande, kuna Chamwino, na kila penye nyumba pana kibao cha 50, na nyuma ya mti pana trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Ukipigwa tochi, faini ni shilingi 30,000, kwa GT-R na kwa IST sawasawa. Chombo cha ardhini chenye kasi halali kuliko vyote mjini hapa ni treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024: inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na haikutani na tuta hata moja.

Na hayo ni baada ya kulilipia gari lenyewe kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi lita 2, VAT asilimia 18, kila kimoja kikihesabiwa juu ya kilichotangulia, na bei imeshapanda kwa zaidi ya asilimia 60 kabla hujafika kwenye tozo ya uchakavu. Mwenye gari alipoulizwa na vijana kama haimuumi, alijibu kwamba hulitoa ndani Jumapili. Jumatatu hadi Jumamosi anaendesha Noah.

Siku ya pili bampa lilikuwa limelala juu ya mikebe miwili ya rangi, tumbo juu. Mzee aliliosha kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia, ndani na nje, kisha akatafuta maandishi upande wa ndani. Kila plastiki ya gari ina herufi zake zilizopigwa chapa, na fundi anayezipuuza anaunganisha vitu visivyopatana. Herufi zilisema PP. Hakutosheka. Alikwangua unyuzi mdogo kwenye ukingo usioonekana, akauwasha kwa kiberiti, akanusa moshi. "Mshumaa," alisema. Ndivyo PP inavyonuka ikiungua. Akaenda nyuma ya gereji kwenye lundo la mabampa yaliyokufa, akarudi na kipande cha IST chenye herufi zilezile, akakikata vipande vyembamba kama tambi. Kwa hiyo ndani ya gari lile la fahari, hivi sasa, kuna nyama ya IST.

Mwishoni mwa ufa alitoboa tundu dogo la duara. Nilimwuliza kwa nini anaongeza shimo kwenye kitu kilichokwisha kupasuka. Ufa una ncha kali, alisema, na ncha ndiyo inayotembea. Ukiipa duara inakosa pa kushika. Kisha alikwangua kingo za ufa kwa tupa mpaka zikafanya mfereji wa mlalo pande zote mbili. Akaupasha joto ule mkunjo uliotokana na tuta, mbali mbali kwanza, halafu karibu, akiusukuma kwa dole gumba lililovishwa glavu. Plastiki inakumbuka umbo ililozaliwa nalo. Ukiipa joto la kutosha na usiiharakishe, inajirudia yenyewe. Ukiizidishia, inasahau.

Ndipo ukaja ushonaji. Kwa msumari wa moto alitoboa matundu pande mbili za ufa, yakitazamana, akapitisha waya mwembamba wa shaba uliotoka kwenye mota mbovu. Alivuta kila mshono mpaka kingo zikagusana, wala si zaidi, akausokota, akaukata. Mishono 14. Upande wa ndani alilaza kipande cha wavu wa chujio la chai, akakizamisha ndani ya plastiki kwa solda ya moto, akakifunika kwa zile tambi za IST alizoziyeyusha moja moja. Upande wa nje alijaza mfereji vivyo hivyo. Ilimchukua kutoka saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na katika muda wote huo simu yake iliita mara nyingi bila kupokelewa.

Wakati plastiki inapoa, mazungumzo yaligeukia mbio za magari za Safari. Hapo mzee ana maoni makali, na nilipoyapima niliona yana ushahidi. Mwaka 1974, Björn Waldegård alikuja Afrika Mashariki na Porsche 911. Akashika nafasi ya pili nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Mwaka uliofuata Lancia walileta Stratos, gari lililozaliwa kwa ajili ya mbio na si kitu kingine. Peugeot 504 ikalishinda, na Stratos haikupata kushinda Safari hata mara moja. Singh mwenyewe ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata kwa Volvo ya mtumba. Kwa mzee haya yote yanathibitisha jambo moja tu: gari linashinda likiwa na mtu wa kulifunga vizuri. Kijana mmoja alinong'ona kwamba hata dereva anahusika. Hakujibiwa.

Puti ilipakwa siku ya tatu, nyembamba, kwa kipande cha plastiki kinachopinda. Msasa ulianza na namba 180 uliozungushiwa kibao cha mbao, kwa sababu vidole peke yake huchimba mabonde. Kisha 320. Kisha alipulizia ukungu wa rangi nyeusi juu ya kidonda chote, akapiga msasa tena. Palipobaki weusi ndipo palipo na bonde. Akajaza, akasubiri, akarudia. Mara tatu. Mwishoni aliacha kutazama kabisa. Alifumba macho na kupitisha kiganja kilicholowa maji kutoka kwenye plastiki ya kiwandani hadi kwenye kazi yake mwenyewe, akirudi, akienda. "Hapa," akasema, na kuweka alama ya chaki mahali ambapo mimi sikuona wala kuhisi kitu.

Lile umbo analolihangaikia lipo kwa ajili ya upepo. Ukingo wa chini wa bampa unagawa hewa, nyingine ipite juu, nyingine iingie kwenye rejeta, nyingine ikimbie uvunguni na kulivuta gari chini lishike barabara. Kazi hiyo huonekana katika kasi ambazo gari hili halitazifikia kati ya Kizota na Area D. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukingo uliopinda nusu sentimita ungefanya kazi ileile. Mzee anajua. Nilimsikia akimwambia kijana wake hivyo hivyo, huku akichukua msasa kwenda kuifuta ile nusu sentimita.

Kisha rangi, na hapa ndipo Dodoma inapokuwa adui. Kibao cha gari kilionyesha namba ya rangi, nyeupe ya lulu, na duka la rangi lilichanganya kwa mashine. Lakini nyeupe ya lulu ni tabaka tatu: nyeupe ya msingi, juu yake chembe za mika zinazometa, juu yake klia. Idadi ya mipulizo ya lulu hubadilisha sura ya rangi nzima. Alipulizia kadi nne za bati, ya kwanza lulu mara moja, ya nne mara nne, akazishika moja moja kando ya mlango wa gari, juani, kivulini, kisha kwa mwanga wa saa kumi jioni. Kadi ya tatu ilipotea. Nilidhani imeanguka. Ilikuwa mkononi mwake, imeshikamana na mlango, na jicho langu halikuipata mara ya kwanza.

Ilikuwa Septemba, na Septemba upepo wa huku huamka na watu. Ikifika saa mbili asubuhi vumbi jekundu liko hewani, na punje moja ikitua kwenye klia mbichi inabaki hapo kama nzi kwenye maziwa. Hakuna chumba kilichozuiwa vumbi Kizota. Kuna turubai, kuna ndoo, na kuna saa 11 alfajiri. Nilifika nikiwa nimechelewa kidogo. Sakafu ilikuwa imelowa, kuta za turubai zimelowa, ardhi ya nje imemwagiwa maji hadi barabarani. Mzee alikuwa amevaa barakoa na koti la mvua la plastiki, lisilodondosha nyuzi. Alinionyesha kwa kidole mahali pa kusimama. Nikasimama hapohapo.

Alipulizia kutoka umbali wa shibiri moja. Mkono haukupinda kwenye kifundo. Mwili mzima ulisafiri, magoti yakiinama taratibu, ili bomba libaki na umbali uleule kufuata mviringo wa bampa. Kila mpulizo ulianza nje ya ukingo na kuishia nje ya ukingo, ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono ukienda mbio, rangi inatua kavu na yenye chenga. Ukisitasita, inatiririka. Kasi yake haikubadilika hata alipofika kwenye kona ngumu chini ya taa, wala kompresa ilipokohoa. Nyeupe mara mbili. Kusubiri. Lulu mara tatu. Kusubiri. Klia mara mbili, na ya pili ilipolala, bampa likaanza kuonyesha turubai na sura ya taa ya balbu.

Alitoka nje, akavua barakoa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Hakuna aliyezungumza kwa sauti.

Skrubu zilirudi mchana wa siku ile, kila moja kutoka kwenye boksi. Mwenye gari aliinama kutafuta ufa ulipokuwa, akaelekeza kidole mahali pasipo. "Sasa sikia, mwanangu," mzee alimwambia, "tuta usiliendee uso kwa uso. Liendee mshazari, gurudumu moja moja." Mbao zikatandikwa tena juu ya mtaro, kijana akalala tena vumbini.

Ukipita Kizota mapema, ukakuta ardhi mbele ya gereji imemwagiwa maji, tafadhali punguza mwendo, gari lako liwe la aina gani. Ndani kuna rangi haijakauka.