Fanani na Msikilizaji katika Anekidoti ya Kirusi

Ni desturi ya wahakiki kuiweka anekidoti ya Kirusi, yaani kile kichekesho kifupi cha mdomo kinachoishia kwa kauli ya ghafla, katika kundi la silaha za wanyonge. George Orwell alidai mwaka 1945 kwamba kila mzaha ni mapinduzi madogo, na mikusanyo ya vichekesho vya enzi ya Kisovieti iliyochapishwa Magharibi imesomwa mara nyingi kwa mtazamo huo. Christie Davies aliupinga: kwake, vichekesho ni kipimajoto cha jamii tu, wala haviwezi kulibadilisha joto lenyewe. Hoja ya Davies ina uzito. Hata hivyo, pande zote mbili zinaishughulikia matini na kumsahau msikilizaji.

Ichukuliwe anekidoti moja mashuhuri. Mtu anauliza ni akina nani waliochimba Mfereji wa Bahari Nyeupe. Anajibiwa kwamba ukingo wa kulia ulichimbwa na waliosimulia vichekesho, na wa kushoto na waliovisikiliza. Mfereji huo, uliofunguliwa mwaka 1933, ulichimbwa na wafungwa, na maelfu yao walifia kazini. Wakati huo Kifungu cha 58 cha sheria ya jinai ya Urusi, katika sehemu yake ya 10, kiliharamisha uchochezi dhidi ya dola ya Kisovieti, na kwa kifungu hicho watu walipelekwa kambini kwa mzaha uliosemwa mezani. La kuzingatiwa ni kwamba Stalin hatajwi kabisa katika kichekesho hiki. Ucheshi wake umo katika ulinganifu: kingo mbili, fanani na hadhira, hatia moja. Isitoshe, anayekisimulia anatenda kosa lile lile analolisimulia, na anayemsikiliza ameshatiwa sururu mkononi kabla hajawahi kuziba masikio. Wanafasihi simulizi hushikilia kwamba hadhira ni mshiriki katika utendaji. Ni nadra kupata mfano mchungu kuliko huu. Kusimulia kulikuwa kumpima mwenzi na, papo hapo, kumkabidhi shingo.

Nadharia ya upinzani inatatizwa pia na wahusika. Chapayev, kamanda wa Jeshi Jekundu aliyefariki mwaka 1919, alitukuzwa na filamu ya mwaka 1934. Stirlitz, jasusi wa Kisovieti aliyejipenyeza miongoni mwa Wanazi, alipata umaarufu kwa tamthilia ya televisheni ya mwaka 1973. Wote wawili ni watoto wa sanaa ya dola, na wote wakawa mabwege wa anekidoti. Wasimulizi waliwadhihaki kwa sababu waliwajua, na yamkini waliwapenda. Dhihaka ya aina hii hufanywa na mtu wa nyumbani. Adui hangejua pa kuchekea.

Jina la utanzu lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mambo yasiyochapishwa. Vizuizi vilipolegea mwishoni mwa miaka ya 1980, anekidoti zikachapishwa kwa wingi, na vitabu vyake vikauzwa hadharani. Maneno yalihifadhiwa, mtazamo wa mlangoni kabla ya kuanza kusimulia haukuweza kupigwa chapa. Baada ya mwaka 1991 wakazuka wahusika wapya, Warusi Wapya waliotajirika kwa ghafla. Mmoja anajigamba kwamba amenunua tai kwa dola 100. Mwenzake anamcheka: pale kwenye kona zinauzwa tai kama hiyo hiyo kwa dola 200. Kichekesho hiki ni kizuri, tena kina ukali wake, lakini kiliweza kusimuliwa ndani ya basi, kwa sauti, mbele ya yeyote, na aliyekisikia hakudaiwa chochote. Tangu Machi 2022, ilipopitishwa nchini Urusi sheria ya kuwaadhibu wanaolivunjia jeshi heshima, msimulizi ana sababu tena ya kumtazama vizuri aliyeketi mbele yake.