Sifa za Wakaguzi wa Majabali

Kati ya Hout Bay na Noordhoek, katika Rasi ya Cape nchini Afrika Kusini, ipo barabara ya kilomita 9 yenye pindi 114, iliyochongwa ubavuni mwa jabali la Chapman's Peak kwa amri ya Sir Frederic de Waal, aliyekuwa mtawala wa jimbo, kazi yake ikaanza mwaka 1915 na kukamilika mwaka 1922. Waliochagua njia ile waliufuata mpaka ambapo mwamba wa matale, mkongwe na mgumu, umebeba juu yake matabaka ya mawe ya mchanga na tope, kwani mawe yale ya juu huchongeka kwa wepesi na matale ya chini ni msingi madhubuti. Ilikuwa busara kwa mchongaji, ila dhamana yake ikamwangukia kila mtunzaji aliyefuata, maana jiwe jepesi kuchongwa ni jepesi pia kumeguka.

Wanaoibeba dhamana hiyo hatuwajui kwa majina, nami naona wanastahili heshima kuliko wanayopata. Mkaguzi huteremka kwa kamba, bahari ikivuma chini yake, na kila afikapo hugonga kwa nyundo na kusikiliza: jiwe lililoshikamana hulia kwa sauti kali, na lililoachana na mwenziwe hulia kizito, kwa uvungu. Hutazama rangi, kwa kuwa kovu la jana ni safi, na la zamani limekwisha kuvaa kuvu. Huchunguza mizizi iliyojipenyeza katika ufa, na tabaka laini lililoliwa na maji hata likaliacha tabaka gumu la juu yake likining'inia pasipo nguzo. Kisha kwa dira hupima nyufa zinainamia wapi, kwani ufa ulioelekea mlimani si sawa na ulioelekea barabarani.

Maarifa haya yana wenyewe walioyahangaikia. Arthur Ritchie, wa jimbo la Washington huko Marekani, aliyeandika mwaka 1963, aliyabingirisha mawe magengeni na kuyapiga picha za sinema, akabainisha kwamba ukali wa mteremko ndio uamuao kama jiwe litaanguka hewani, litadunda au litabingirika. Baadaye, katika jimbo la Oregon, ikatungwa hesabu ya alama 3, 9, 27 na 81, inayopima kimo cha genge, ukubwa wa jiwe na maji yapitayo, na pia umbali ambao dereva aweza kuona mbele yake. Kwangu hiyo ni adabu kama ilivyo hisabati, kwa kuwa imemkumbuka mpita njia.

Mwishoni mwa mwaka 1999 jiwe lilimwua mtu garini katika barabara ile ya Chapman's Peak. Mwezi Januari 2000 moto ukateketeza vichaka vilivyoushika udongo, na barabara ikafungwa hadi Desemba 2003, ilipofunguliwa ikiwa na nyavu za chuma na nusu handaki lililochimbwa jabalini. Hata hivyo nyavu hazikumwondolea mkaguzi wajibu wa kunena "fungeni" siku ambayo hakuna jiwe lililoanguka, wala hakuna atakayemshukuru, kwani jiwe lisilompata mtu haliandikwi gazetini. Basi, msafiri, ukifika Hout Bay siku ya mvua nyingi ukakuta lango limefungwa, usimlaumu mlinzi. Geuza gari, upite Constantia Nek, ingawa njia hiyo ni ndefu zaidi.