Bwana Msa na Kiko cha Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Methali hii tumeisikia mara nyingi katika mabaraza yetu ya huku ughaibuni, khasa mazungumzo yanapofika kwenye watoto na vitabu wanavyosoma. Watoto wetu wanasoma Kiingereza skuli, Kiingereza maktaba, na Kiingereza kitandani kabla ya kulala. Sisi wazazi tunajiuliza kama mtu aliyelelewa na vitabu vya watu ataweza siku moja kuandika kitu chetu. Suala hili si dogo, na hofu peke yake haiwezi kulijibu. Tumeona bora tulitazame kwa mfano wa mtu mmoja wa Makunduchi, marehemu Muhammed Said Abdulla.

Kwa wasomaji wetu vijana, ambao huenda hawamjui, tuseme machache. Alizaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alipomaliza skuli mwaka 1938 aliingia Idara ya Afya ya Unguja akiwa mkaguzi, yaani bwana afya, na akadumu katika kazi hiyo miaka kumi. Mwaka 1948 akahamia kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na akasaidia kuhariri Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Hapo ndipo Waswahili walipokutana na mpelelezi Bwana Msa.

Aliyesoma hadithi za Sherlock Holmes hatahitaji kuambiwa Bwana Msa katoka wapi. Holmes ana rafiki yake Watson, Bwana Msa ana Najum. Holmes ana kiko, na Bwana Msa naye anacho. Rafiki anaona yale yale anayoyaona mpelelezi lakini haelewi, na mwisho mpelelezi anakaa kitako kumfafanulia, na sisi wasomaji tunafafanuliwa pamoja naye. Athari hii ni ya wazi kabisa, na mwandishi hakujaribu kuificha. Kiko kimewekwa mezani kila mtu akione.

Je, ndiyo tuseme alivaa nguo ya kuazima? Kabla ya kuhukumu, tumtazame huyo aliyeazimwa. Arthur Conan Doyle alimtoa Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Lakini Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa ameshamtoa mpelelezi wake Dupin tangu mwaka 1841, naye Dupin alikuwa na rafiki wa kumsimulia vile vile. Kutoka kwa Poe, Doyle alipata umbo la hadithi. Macho ya Holmes aliyapata kwingine: kwa Joseph Bell, mwalimu wake wa udaktari Edinburgh, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa tu na kueleza mengi juu ya kazi yake na alikotoka. Basi hata mwenye nguo naye kitambaa alikitoa kwa watu, ila mshono ulikuwa wake.

Hapa pana jambo ambalo kwa maoni yetu halizungumzwi vya kutosha. Doyle alikuwa daktari, na Abdulla alikuwa bwana afya. Kazi ya bwana afya ni kupita nyumba kwa nyumba, kuchungulia visima na vyoo na madimbwi, na kuwaeleza watu kwamba homa ilitokana na maji yaliyotuama, wala haikuletwa na shetani. Ni kazi ya kutafuta chanzo pale ambapo wenyeji wameshakubaliana kwamba chanzo hakitafutwi. Sasa tazameni majina ya vitabu vyake viwili vya mwanzo. Mmoja ni mzimu, mahali ambapo watu wanaogopa kuuliza. Wa pili ni kisima cha Giningi, na kila aliyekulia Unguja anajua jina hilo na wachawi linavyokwenda pamoja. Bwana Msa anakwenda huko huko, na anauliza. Tunaamini kwamba Abdulla alipofungua kitabu cha Holmes alikuta humo ile kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe kwa miaka kumi. Kwa hiyo kitabu cha kigeni hakikumpeleka mbali na kwao. Kilimpa umbo la kuwekea yale aliyokuwa ameshayaona.

Sisi tulio katika fani ya uhandisi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Ukiichukua jenereta iliyoundwa kwa nchi ya baridi ukaipeleka pwani yetu, kanuni ya mashine haibadiliki. Lakini rejeta itabidi iwe kubwa zaidi kwa ajili ya joto, na chuma usichokipaka rangi kitaliwa na chumvi. Abdulla alifanya marekebisho ya namna hiyo. London ya Holmes ni mji wa watu wasiojuana, na ndiyo maana tope la kiatu na jivu la sigara vinakuwa ushahidi mkubwa. Unguja ya Bwana Msa, iliyo ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, ni kisiwa ambacho kila mtu anamjua mwenzake, au anadhani anamjua. Tope halina siri hapo. Siri imo katika nasaba, katika nani kazaliwa na nani, na katika neno lililomponyoka mtu wakati wa mazungumzo. Ndiyo maana mazungumzo yamejaa tele katika vitabu hivi. Mwandishi aliyeiga tu angelituachia tope.

Hata hivyo, haki lazima isemwe. Mashine ya kuazima huja pia na kasoro zake. Holmes ana ile hali ya bwana mkubwa anayejua kila kitu, na kiburi hicho kimevuka bahari pamoja na kiko. Mara nyingi akili imewekwa upande wa mtu wa mjini aliyesoma, na ujinga upande wa watu wa shamba. Bwana afya mzuri anajua kwamba hata mwanakijiji anayeogopa mzimu ana busara zake nyingine. Riwaya hizi hazimpi nafasi ya kutosha ya kuzionesha. Na yale maelezo marefu ya mwishoni humchosha msomaji wa leo.

Tazameni pia miaka ya vitabu vyake. Baada ya kile cha 1960, cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule aliostaafu. Kisha vikafuatana: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Tarehe ya kuchapwa si tarehe ya kuandikwa, lakini miaka minane ya kimya cha mtu aliye kazini, kisha vitabu vinne katika miaka minne, ni hesabu inayosomeka. Miongoni mwetu wapo wengi wanaosema wataandika wakipata wasaa. Mzee huyu aliupata akiwa na umri wa miaka hamsini, na akautumia.

Basi turudi kwenye watoto wetu. Hatuoni haja ya kuwanyang'anya Holmes wao. Tunalotakiwa ni kuwapa na Bwana Msa, tusome nao kurasa mbili tatu kwa sauti, tuwaeleze maneno yaliyowashinda, tuwaache wagundue wenyewe kiko kimetoka wapi. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kuwa na watoto waliosoma sana lakini hawana Makunduchi ya kurudi nayo, kwa sababu sisi hatukuwasimulia visima vyetu, mizimu yetu, wala nani kazaliwa na nani. Kiko watakiazima popote. Hayo mengine hakuna wa kuwapa isipokuwa sisi.