Sauti ya mtu ndani ya mtambo

Wengi husema kwamba mtambo ukiingia katika wimbo, moyo wa mwimbaji hutoka. Basi na waisikilize I'm the One, sahani ya kwanza ambayo Annette Peacock, mwanamke wa Marekani, aliitoa kwa jina lake peke yake mwaka 1972. Ndani yake mna jazi, mna bluzi yenye huzuni, tena mna milio ya umeme ambayo masikio ya siku zile hayakuizoea. Fundi Robert Moog alikuwa amempa kinanda chake cha umeme. Yeye hakukipiga kwa vidole tu, bali alipitisha humo hata sauti ya koo lake. Hapo neno hupasuka, hunguruma, hulia kama bati linalokwaruzwa. Lakini bado twasikia pumzi ya mtu anayetaka kupendwa. Sitaficha: mahali pengine makelele yazidi, na asiye na saburi atataka kuondoka. Asiondoke kabla ya Love Me Tender, wimbo tulioujua kwa Elvis Presley. Elvis aliubembeleza, Peacock auimba kama mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi, naye angali anaomba.