Hesabu ya Viporo

Naanza kwa kukiri kosa, ili msomaji asije akanidhania mtaalamu. Mimi ni mshabiki wa Yanga tangu utotoni, na hapa Bugarama ninajulikana kwa daftari langu la ligi. Msimu wa 2018/19 daftari hilo lilisema kwamba ubingwa ni wetu. Halikusema kweli, na mpwa wangu, aliyeniamini, akapoteza mbuzi jike mwenye mimba.

Tulikuwa na sababu za kutumaini. Simba walikuwa wametunyang'anya kombe mwaka 2018, baada ya sisi kulichukua mara tatu mfululizo. Klabu yetu haikuwa na fedha tangu mfadhili wake mkuu alipojiweka kando mwaka 2017, wanachama wakawa wanatembeza bakuli. Hata ligi yenyewe msimu huo haikuwa na mdhamini mkuu. Pamoja na hayo, kocha Mwinyi Zahera aliwapanga vijana, Heritier Makambo akafunga, na timu ikaenda hadi Januari 2019 bila kupoteza mchezo. Stand United ndio waliotutia doa la kwanza, kule Shinyanga. Hata baada ya Simba kutufunga 1-0 Februari 16, kwa bao la Meddie Kagere, bado tulikuwa kileleni kwa pointi nyingi.

Lakini Simba walikuwa na viporo. Walikuwa wakicheza Ligi ya Mabingwa Afrika, na mechi zao za nyumbani zilirundikana kama sahani zisizooshwa. Jioni moja pale kwenye kibanda tunakotazamia mpira, mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, viporo vile tuvihesabuje?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kiporo kikikaa sana huchacha. Mtu anayetoka Kinshasa na Misri amechoka, tena akirudi atakuta mechi kila baada ya siku mbili tatu, ugenini na nyumbani. Nikaandika katika daftari kwamba karibu nusu ya mechi zile wangeziharibu. Yeye akaenda kuweka mbuzi wake na jirani yetu wa Simba.

Naomba nilikosoe jibu lile sasa, kwa kuwa naona wengi wetu bado tunahesabu hivyo. Pointi zilizo mfukoni hazidanganyi, lakini hazisemi yote. Timu mbili zikiwa hazijacheza mechi sawa, kipimo cha haki ni pointi zilizodondoshwa, kwa maana hizo hazirudi tena. Ligi ile ilikuwa na timu 20, kila moja mechi 38, yaani pointi 114 kwa anayeshinda zote. Mwisho wa safari Simba walikuwa na 93 na sisi 86. Wao walidondosha 21, sisi 28. Kama ningefungua safu hiyo moja tu katika daftari, ningeona tangu mapema kwamba aliyeitwa wa nyuma ndiye aliyekuwa amepoteza kidogo.

Kosa la pili ni la macho. Nilichungulia sana chungu cha jirani, nikasahau chetu kinavyovuja. Katika msimu mzima tulifungwa mara sita. Simba walitufunga mara moja, na Azam mara moja. Nne zilizobaki tulifungwa na Stand United, Lipuli, Mtibwa Sugar na Biashara United, timu ambazo katika daftari langu nilikuwa nimeziandikia sifuri kabla hazijavaa jezi. Mechi nne ni pointi 12. Tulizidiwa kwa saba. Ubingwa wetu haukupotelea katika mechi ya watani. Ulipotelea Shinyanga, Iringa, Musoma na kwa wakata miwa wa Morogoro.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi ya mbuzi. Simba walipoteza mechi tatu tu msimu ule, na mbili kati ya hizo walifungwa na Kagera Sugar, timu ya mkoa wetu. Aprili 13 walifungwa 4-1 na TP Mazembe kule Lubumbashi wakatolewa Afrika. Wiki moja baadaye, Aprili 20, Kagera Sugar wakawafunga 2-1 Kaitaba, Bukoba. Mwezi Mei wakawafunga tena 1-0, safari hii Dar es Salaam. Wala haikuwa ajabu mpya: Mei 2018 ni hao hao waliowavunjia Simba rekodi ya kutofungwa, mbele ya Rais Magufuli aliyekwenda kukabidhi kombe.

Siku ile ya Aprili tuliruka pale kibandani mpaka benchi likavunjika. Lakini tulishangilia kama watu wa Jangwani. Hakuna aliyetaja jina la Kagera. Na timu hiyo iliyotupa zawadi mara mbili ilimaliza msimu katika mechi za mchujo, ikipigania kutoshuka daraja dhidi ya Pamba. Ikanusurika. Mimi, mwenye daftari, sikuwa na ukurasa wake.

Jirani alipokuja kuchukua mbuzi, mpwa wangu hakulalamika. Alifungua kamba mwenyewe. Kisha akaniambia, "Mjomba, hesabu yako ilikuwa safi, ila ndani yake kulikuwa na timu mbili tu." Nilimlipa mbuzi mwingine baada ya kuuza maharage, lakini neno lake sijalilipa.

Tangu hapo Yanga wamenipa furaha tele, ubingwa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2021/22. Katika msimu wa nne, ule wa 2024/25, Kagera Sugar walishuka daraja. Pale kibandani habari hiyo ilipita kama gari lisilosimama. Kutoka Bugarama hadi Bukoba ni safari ya kutwa, na katika umri wangu wote sijawahi kukanyaga Kaitaba. Usiku ule nilikata mstari katika daftari, nikaandika jina lao juu ya ukurasa mtupu. Huo ndio ukurasa niliokuwa nadaiwa tangu mwaka 2019.