Miligramu 50 za Mfupa wa Sikio

Nyuma ya sikio, ndani kabisa ya fuvu, kuna mfupa mgumu kuliko mingine yote ya mwili. Katikati yake imefichwa koklea, kijimfereji kilichojizungusha ambacho hutusaidia kusikia. Mwaka 2015 kundi la watafiti akiwamo Ron Pinhasi lilionyesha kwamba ganda la mfupa linaloizunguka koklea hutunza vinasaba vya marehemu wa kale vizuri kuliko sehemu nyingine za mfupa huo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu nani alihamia kisiwa cha Britania, na lini, imepita kwenye ncha ya keekee.

Anayeishika keekee hiyo namwita fundi, hata kama ana shahada tatu. Kabla hajaugusa mfupa huvaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na glavu jozi mbili, na ile ya juu huibadilisha kila mara. Meza imefutwa kwa jiki. Vifaa vimekaa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Hewa ya chumba husukumwa kutoka ndani kwenda nje ili vumbi lisiingie. Anayeogopwa humu ni fundi mwenyewe: kikohozi chake kimoja kinaweza kufunika kila alichobakiza mtu aliyekufa miaka 10,000 iliyopita.

Kwanza hukwangua ngozi ya juu ya mfupa, ile iliyoshikwa na udongo na mikono ya waliouchimbua. Kisha huwasha keekee ndogo, ya aina wanayotumia madaktari wa meno, na kuiweka kwenye mwendo wa chini. Mwendo wa kasi huleta joto, na joto huvikata vinasaba. Anagusa, anaondoa, anasubiri mfupa upoe, anagusa tena. Mfupa wenye vitundu hutoa unga wa kahawia; akikaribia koklea unga hugeuka mweupe wa rangi ya maziwa, laini, na mkono huhisi ukinzani ukiongezeka. Hapo hupunguza nguvu zaidi, kwani akipitiliza kidogo ameshaingia upande wa pili na kupoteza alichokuwa akikitafuta. Fuvu la kale liitwalo Mtu wa Cheddar, lililopatikana mwaka 1903 katika pango la Gough huko Somerset, lilitobolewa tundu la milimita 2 tu. Mifupa ya namna hiyo hairudiwi mara mbili, na nadhani ndiyo sababu watu hawa hufanya kazi kimya.

Unga huanguka juu ya karatasi safi, kisha huenda kwenye mizani. Miligramu 50 zinatosha. Hutiwa ndani ya kijichupa pamoja na maji yenye kemikali ya kuyeyusha chokaa ya mfupa na kimeng'enya cha kumeng'enya protini, halafu kijichupa huzungushwa polepole usiku kucha katika nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili wenyewe. Hakuna cha kuharakisha hapa.

Pembeni yake huzunguka kijichupa kingine kisicho na mfupa wowote. Kinatiwa dawa zilezile, kinapita hatua zilezile, kinapewa namba yake na kusomwa hadi mwisho. Kikitoa vinasaba vya binadamu, basi uchafu umeingia na matokeo ya siku ile yote yanatiliwa shaka. Katika kazi nzima hakuna kinachonivutia kama kijichupa hiki, kwa sababu fundi anakitunza kwa uangalifu uleule akitumaini hakitampa kitu.

Asubuhi, maji hupitishwa kwenye silika, nayo huvinasa vinasaba. Uchafu huoshwa kwa alkoholi, na mwishowe hubaki tone dogo lisilo na rangi. Vilivyomo ni vipande vifupi, vingi havifiki herufi 100, na ncha zake zimeharibika: palipokuwa na herufi C husomeka T. Mkeka mkuukuu nao huanza kufumuka pembeni. Uharibifu huo fundi huufurahia, maana vinasaba vya kikohozi cha jana havina alama hiyo.

Vipande huungwa ncha mpya zenye alama ya utambulisho, husomwa na mashine, kisha hupangwa kimoja kimoja. Kwa kazi hiyo ilijulikana kwamba wakulima waliofika Britania yapata mwaka 4000 KK walikuwa na asili ya Anatolia, na kwamba kuanzia yapata mwaka 2450 KK waliingia watu wa vikombe vyenye umbo la kengele, ambao katika karne chache tu walichukua nafasi ya takriban asilimia 90 ya nasaba ya kisiwa. Mawe makubwa ya Stonehenge yalikuwa yamesimamishwa muda mfupi kabla.

Lakini umahiri wenyewe unaonekana zaidi kwenye kaburi moja, Hazleton North huko Gloucestershire, la miaka 5,700 hivi. Kati ya watu 35 waliopimwa, 27 walikuwa ukoo mmoja wa vizazi vitano. Mwanamume mmoja alizaa na wanawake wanne, na mwanzoni wazao walilazwa chumba cha kusini au cha kaskazini kwa kufuata bibi yupi waliyetoka kwake. Msomaji anayejua maana ya nyumba ya mke mkubwa na ya mke mdogo haambiwi mengi. Mabinti wa ukoo waliofikia utu uzima hawamo. Yaelekea waliolewa kwingine. Ili kusema huyu ni mjukuu wa yule kupitia mama fulani, kila mfupa ulipaswa kutoa unga safi.

Njia hiyohiyo ilitumika kwa mifupa ya kale ya Waswahili wa Manda, Mtwapa na Kilwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2023, ingawa joto la pwani yetu huwapa mafundi taabu kubwa kuliko baridi ya Somerset.

Kazi ikiisha, unga uliobaki hufungwa, huandikwa namba na kuhifadhiwa. Kuna sababu. Mwaka 1997 mtafiti Bryan Sykes alitangaza alichokipata katika jino la Mtu wa Cheddar, na kilikuwa urithi wa upande wa mama tu. Mwaka 2018, kutokana na tundu lile la milimita 2, watafiti waliweza kukadiria hata rangi ya macho na ngozi yake: ya kwanza ya buluu au kijani, ya pili nyeusi.